Teze ya marketingi ya B2B mu Lubumbashi: falanga ya mugodi, ya wafurniseri wenye kuchanga, ao burse ya ng'ambo?

Maasistanti na mashefu ya travo wa fakilte ya uchumi na jestio pale UNILU (Université de Lubumbashi), na wa ISC, shule ya juu ya biashara, pia, wanauliza sana hii swali, na mapatroni wadogo wenye kuuza vitu ku migodi, wale tunaita wafurniseri, wanaliuliza kwa upande wao: kama mutu anataka kufanya utafiti wa kweli juu ya marketingi ya kampuni kwa kampuni, ile wanaita B2B, yaani apana kuuza sabuni ku mama wa sokoni lakini kuuza pompe, mabuti, shokaa, transporti ao chakula ya kantini ku kampuni ingine, nani alipe ile kazi? Nitaweka njia tatu kubwa pembeni kwa pembeni, zile ndogo nitazipitia mbio mbio, na nitasema wazi ile mimi naona inafaa muji wetu, juu hii mambo inaniuma na sitaki kuizungukia.

Tuelewane kwanza juu ya nini ile utafiti iko na maana hapa. Mu Haut-Katanga na Lualaba mutu mwenye kuuza ku viwanda iko na wateja wa kuhesabu ku vidole, kampuni za migodi: Tenke Fungurume, KCC (Kamoto), Kamoa, Mutanda, Kinsevere, Ruashi, Gécamines, na zingine ndogo ndogo. Kupasha matangazo ku radio hapo haisaidie kitu. Fundi mwenye kutumia pompe, mutu wa depo, mutu wa manunuzi, mutu wa feza, na mukubwa ambaye mara ingine hakai hata mu inchi, wote wako na neno ndani ya bon ya komande moja, na kila mumoja anaogopa kitu yake: fundi anaogopa mashini isimame, wa manunuzi anaogopa kontrole, wa feza anaogopa kulipa mbele ya kupokea. Wataalamu wa marketingi ya viwanda wanaandika juu ya hiki kikundi cha wanunuzi tangu miaka ya 1970, lakini walichunguza zaidi viwanda vya Marekani na Ulaya, apana kampuni yenye kununua ku Kolwezi na muuzaji iko Lubumbashi, kilometa karibu 300 ya barabara.

Kisha kukaja loi No 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi, yaani kazi yenye kampuni kubwa inapatia kampuni ingine, ile yenye kusema kazi ya sutretansi ni ya kampuni zenye kapitali ya Wakongomani kwa wingi, na ARSP, ofisi ya serikali, ikawekwa ya kuchunga ile loi. Sawa, mulango ulifunguka, lakini loi haiwezi kukufundisha kuuza. Namna gani kampuni mupya inapata komande ya kwanza bila historia yoyote? Kungoja malipo siku 60 ao 90, unaiweka ndani ya bei na unasema wazi, ao unaificha na unaomba Mungu? Juu ya nini mugodi inaendelea kuagiza valvu ku Afrika ya Kusini, ipite mupaka wa Kasumbalesa na foleni yake yote, na ile valvu iko inalala mu depo ya mutu hapa Kampemba, komini ya Lubumbashi? Maswali kama haya yanaomba mutu akae chini, akusanye dataa, achambue kwa akili, aandike. Na kukaa chini kunaomba falanga.

Njia zenyewe

Ya kwanza, kampuni moja kubwa inalipa teze yako, mara nyingi ni mugodi wenyewe ao kampuni ya kigeni yenye kuuza mashini. Ufaransa walipanga hii njia vizuri kwa mupango wa CIFRE, tangu 1981: kampuni inaajiri mwanafunzi wa doktora kwa miaka 3, labo ya chuo kikuu inamufwata, na serikali inasaidia kampuni kwa subvansio yenye kupita ku ANRT, shirika lao la utafiti. Ni kitu safi, mwanafunzi iko na mushahara, iko na kontra, chuo iko na sauti yake. Lakini kampuni lazima iwe ya sheria ya Ufaransa, kwa hiyo furniseri wa Likasi asijisumbue. Hapa kwetu hakuna serikali ya kusimama katikati namna ile, mutu anabaki na kampuni uso kwa uso.

Ya pili, kampuni mingi zinachanga mufuko mumoja, chuo kinashika, na watafiti wanashindania ile feza kwa mapendekezo yao. Mufano wenye kujulikana kabisa mu B2B ni Institute for the Study of Business Markets, ISBM, ya Penn State kule Pennsylvania, ilianzishwa 1983: kampuni zinaingia kama memba, zinalipa, zinaleta shida zao za kila siku, na ISBM inasaidia watafiti wakiwemo wanafunzi wa doktora wenye kuleta mupango wa teze ku mashindano yake. Kuna na ndugu yake mukubwa, Marketing Science Institute, wa 1961, huyu anashika marketingi yote apana ya viwanda peke yake, memba wanasaidia kupanga maswali ya maana ya miaka 2 inayokuja, kisha maprofesa wanaomba feza juu ya yale maswali. Mu Lubumbashi mufuko kama huu ungekuwa wa wafurniseri wenyewe, wale wa pompe, wa transporti, wa vifaa vya kujikinga ku kazi, wa kantini.

Ya tatu, burse ya ng'ambo ao ya bara. ARES ya Wabelgiji wa upande wa Kifaransa, VLIR-UOS ya Waflamand, AUF ya vyuo vikuu vyenye kutumia Kifaransa, yenye kuzaliwa Montréal 1961, CODESRIA ya Dakar tangu 1973 kwa watu wa sayansi ya jamii. Hapa UNILU iko na historia nzuri, Observatoire du Changement Urbain ilifanya mafunzo makubwa juu ya maisha ya familia za Lubumbashi kwa musaada wa ushirikiano na Belgiji, na watu mupaka leo wanasoma ile kazi. Kwa hiyo mutu asiseme njia hii ni ndoto.

Nani anachagua swali

Hapa njo watu wengi wanajidanganya. Mugodi ni munuaji, na marketingi ni kazi ya muuzaji. Kama munuaji njo analipa teze yako, swali litageuka polepole bila mutu hata mumoja kukulazimisha: ulianza na "namna gani furniseri mudogo wa Lubumbashi anapata imani ya kampuni kubwa", mwaka wa pili unajikuta unapima wafurniseri gani wanachelewesha vitu na namna gani kupunguza hesabu yao. Ile nayo ni utafiti, ni utafiti wa manunuzi, iko na wataalamu wake na majarida yake, mimi siidharau. Lakini patroni wa Kampemba mwenye alikutumainia hatapata jibu yake, na wewe utatetea teze ya kitu kingine.

Kwa mufuko wa kuchanga, swali linabaki la muuzaji, na hii njo sababu kubwa ya mimi kuipenda. Ila nayo iko na mutego: wafurniseri wanataka jibu mu miezi mitatu, wanataka etide ya soko yenye kusema "uza hapa, usiuze pale", apana teze ya miaka mine yenye kuuliza juu ya nini. Na zaidi ni washindani. Mumoja hataki mwenzake ajue anauza kwa bei gani, na wote wawili watakaa ku meza moja ya kuchagua swali, kwa hiyo wanaweza kukubaliana tu juu ya swali lisilomugusa mutu, na swali la namna ile halifai kitu. Dawa yake ni ile ya ISBM na ya Marketing Science Institute: wenye kuchanga wanasema shida, lakini watu wa chuo njo wanachagua mupango gani upate feza. Musichanganye hizo kazi mbili. Siku patroni mwenye kuchanga zaidi atapewa haki ya kuchagua mwanafunzi, mufuko umekufa.

Kwa burse, swali linapaswa kuvaa nguo za mwenye kutoa. Wao wanatafuta maendeleo, mazingira, wanawake, ajira, afya. Ukiandika "mkakati wa bei mu soko ya viwanda" wanapita. Ukiandika namna gani kampuni ndogo za Wakongomani zinaingia mu mulolongo wa shaba na kobalti na zinabaki ndani, wanasimama na kusoma, na hii si uongo, ni swali lile lile limeangaliwa upande wa jamii. Ila angalia usijipoteze, juu ku kamati ya teze ya UNILU watakuuliza: hii ni marketingi ao ni sosiolojia?

Mulango na dataa

Kwa mulango, mugodi unashinda, tusibishane. Ukiwa na barua ya kampuni utapata badji, utafanya ile mafunzo ya usalama ya mulangoni, utaongea na fundi, na mutu wa depo, na wa manunuzi siku moja, utaona ku kompyuta yao komande za miaka. Bila hiyo utasimama ku barriere na gilet yako na karte ya chuo, na usekirite watakuambia kwa adabu urudi na barua. Burse ya ng'ambo haifungue ile barriere, hata kama barua iko na tampon ya Bruxelles.

Lakini kuna dataa ingine yenye watu hawaifikirie, na iko mikononi mwa wafurniseri: maprofoma, zile karatasi za bei zenye kutumwa mbele ya komande. Kila furniseri wa hapa ametuma profoma mingi sana mu miaka iliyopita, mu tiroire ao mu kompyuta yake kuna tarehe, kitu gani, bei, muda wa kuleta, masharti ya malipo, na anajua ile gani ilizaa komande na ile gani ilikufa kimya. Mugodi unajua ile ulinunua, na labda unachunga ile ulikataa, lakini kila mugodi unaona upande wake tu. Kusanya profoma za wafurniseri 20 wenye kuuza ku migodi 7, ondoa majina, na uko na picha ya soko yenye hata mugodi mumoja hauna: bei ilikuwa na uzito gani, muda wa kuleta ulikuwa na uzito gani, ile furniseri mwenye kujulikana na fundi alishinda mara ngapi kuliko mwenye kujulikana na ofisi tu. Hapo teze inatoka. Na hizo dataa mutu hawezi kukupa kama hakuamini, na hatakuamini kama unalipwa na munuaji wake, fikiria tu, umupeleke furniseri karatasi ya maswali juu ya bei yake ya chini kabisa, na juu ya karatasi kuna logo ya mugodi! Atakujaza uongo, na iko na haki.

Kuna somo la zamani la Ulaya linaloingia hapa. Mu 1976 watafiti wa inchi 5, Sweden, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia, walianza kazi yenye kujulikana kama ya IMP (Industrial Marketing and Purchasing), na waliuliza wanunuzi na wauzaji wote wawili. Ile walionyesha ni kwamba mu soko ya viwanda munuaji hakai kimya akingoja muuzaji amushawishi, naye anatafuta, anabishana, wanatengeneza kitu pamoja, na uhusiano unaweza kukaa miaka mingi. Kama ni vile, teze ya upande mumoja inakosa nusu ya jambo. Kwa hiyo swali la kweli ni namna gani kupata mulango wa mugodi bila kuwa mutu wa mugodi, na nitarudi hapo.

Muda, na bei ya shaba

Doktora inachukua miaka. Bei ya shaba na kobalti haingoje. Angalia tu ile ilipita mbele ya macho yetu: KCC ilisimamisha uzalishaji mu Septemba 2015 na ilirudia mwisho wa 2017. Mutanda ilisimamishwa mwisho wa 2019, ikarudia 2021. Tenke Fungurume ilizuiwa kusafirisha kuanzia katikati ya 2022 mupaka 2023, kwa ugomvi na Gécamines. Na mu Februari 2025 serikali ilifunga ekspoti ya kobalti kwa miezi mine, ikaongeza, kisha mu Oktoba 2025 ikaweka kota. Wazee wetu waliona mubaya zaidi, Gécamines kutoka karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 mupaka chini ya tani 50,000 mu 1994, na kila kitu chenye ilikuwa inalipa kikaanguka pamoja nayo.

Sasa weka teze yako hapo ndani. Mugodi ukisimama, kitu cha kwanza kinakatwa ni ile haizalishi tani, na mwanafunzi wa marketingi haizalishi hata kilo. Na uchungu wenyewe ni huu: ile siku njo swali lako linakuwa tajiri kabisa, juu ungeweza kuona wafurniseri gani wanabaki na nani anafunga mulango, nani alikuwa na mteja mumoja na nani alikuwa na watatu, nani alikopesha mugodi vitu mu siku mbaya na alilipwa namna gani baadaye. Mwenye kulipwa na mugodi anafukuzwa mu shule ile siku somo linaanza.

Mufuko wa wafurniseri nao utatetemeka, musijidanganye, hata utatetemeka mbele, juu furniseri mudogo anasikia njaa kabla ya mugodi kutangaza kitu. Ndiyo maana mimi nasema falanga ya mwaka muzima iingie ku banki mbele ya mwanafunzi kuanza, apana kuahidi kila mwezi. Burse njo iko imara zaidi kwa hii upande: kobalti ishuke, ipande, burse inaingia tarehe yake. Lakini inakatika vile vile tarehe yake, hata kama ulikuwa umebakisha safari moja ya Kolwezi.

Nani anasoma kwanza

Kila mwenye kulipa anataka kusoma mbele ya watu wengine, ni kawaida, hata kule Ulaya na Marekani kontra za chuo na kampuni zinaweka siku za kusoma kwanza. Ubaya unaingia wakati kontra haiandike mwisho wa kusoma. Kampuni moja, hasa mugodi, iko na avoka, na avoka atakuletea karatasi yenye kusema "hakuna kitu kitatoka bila ruhusa ya maandishi". Ukisaini ile, umeuza teze yako, juu kutetea teze ni mbele ya watu, mulango wazi.

Pointi zenye mimi ningeomba ziandikwe, na njia yoyote unachagua: kwanza, mulipaji anasoma siku 60 na kisha kimya yake ni ndiyo. Pili, iko na haki ya kuondoa majina, bei na siri ya kiufundi, lakini haiko na haki ya kuondoa matokeo. Tatu, hata kama falanga inasimama, dataa yenye imekwisha kukusanywa inabaki ya kazi ya teze. Ile ya tatu watu wanaisahau sana, wanaikumbuka siku mugodi unasimama na mutu wa informatiki anafunga adresi yao ya barua pepe na kila kitu kilikuwa mule.

Kwa mufuko wa kuchanga, hizi pointi zinapita rahisi, juu mapatroni 20 hawana avoka mumoja wa kuwasemea wote, na kila mumoja anaogopa jina yake tu. Wape ahadi ya majina kufichwa, uiheshimu kabisa, na soko yetu ni ndogo kwa hiyo kuficha jina haitoshi: ukiandika "kampuni moja yenye kuuza shokaa ku Likasi" kila mutu amejua. Weka vikundi, apana kampuni moja moja. Kwa burse hakuna anayekukataza kutangaza, hata wanakusukuma utangaze, ila mara nyingi ku jarida lenye patroni wako hataliona maisha yake yote.

Njia ndogo

Mufuko wako mwenyewe: wengi wanafanya hivi, kufundisha pembeni, kufanya etide ndogo za kulipwa, na teze inakwenda miaka na miaka. Uhuru uko wote, nguvu njo inakosa. FPI (Fonds de Promotion de l'Industrie) inasaidia viwanda na miradi ya kuzalisha, apana teze. Na ile 0.3% ya mapato ambayo kode ya migodi ya 2018 inaomba kampuni ziweke kwa maendeleo ya jamii, kila mara kuna mutu anasema tuiombe, mimi nasema tuiache, ile ni ya vijiji vyenye kukaa pembeni ya migodi, ya maji na mashule na vituo vya afya yao, si haki kuichukua kwa kulipia doktora ya mutu wa muji.

Hesabu ya mufuko

Tuseme tu kwa mufano: wafurniseri 20, kila mumoja dola 50 kwa mwezi, inafanya dola 12,000 kwa mwaka. Dola 50 kwa mutu mwenye kuuza ku mugodi, hata mudogo, ni kidogo kuliko kredi ya simu na mafuta ya kukimbilia fakture moja yenye haijalipwa. Na 12,000, kama haigawanywe ku marafiki, inaweza kulipa mwanafunzi mumoja kwa adabu, safari zake za Likasi, Fungurume na Kolwezi, vijana wawili wa kuingiza maprofoma mu kompyuta, na kitu kidogo kwa labo ya chuo. Haitoshi kwa watu watatu, musijaribu watatu.

Nani ashike? Hapa watu watapigana. FEC ao COPEMECO, mashirika ya mapatroni, zinaweza kuita watu, iko nguvu yao, wako na orodha na wako na chumba ya mikutano. Lakini mufuko wenyewe uende ku kompte ya peke yake ya chuo, sahihi mbili, moja ya fakilte, moja ya mwakilishi wa wachangaji, na ripoti ya kila miezi sita ipelekwe ku wachangaji wote mu WhatsApp yao, na maresi yake yapigwe picha. Bila ripoti, mwaka wa pili hakuna atakayechanga tena, na watakuwa na haki.

Sasa, uchague nini

Kama wewe ni mwanafunzi na swali lako ni la upande wa munuaji kwa kweli, namna gani mugodi unachagua, unapima, unafukuza furniseri, basi chukua falanga ya mugodi bila aibu, saini zile pointi tatu, na uite teze yako kwa jina yake, manunuzi. Kama swali lako linaingia vizuri mu mambo ya ajira, ya wanawake wenye kampuni, ya mazingira, na uko na promota (profesa mwenye kuongoza teze yako) mwenye kujua kuandika faili ya ARES ao VLIR-UOS, piga burse, lakini anza mapema sana, juu barua za chuo zinachelewa na tarehe yao haichelewe. ISBM ya Penn State iangalie pia kama teze yako iko mbele na Kiingereza yako iko imara, usome masharti ya mwaka ule kwa makini. Hata kama hupati kitu, kuandika mupango wako kwa kipimo chao kutakufundisha kukata swali liwe dogo na liwe kali.

Lakini kama swali lako ni lile la patroni wa Kampemba, kuuza, kupata imani, kulipwa, kubaki, mimi nasema hivi: falanga itoke kwa wafurniseri, na mugodi utoe mulango peke yake. Badji, ruhusa ya kuuliza watu wao, siku chache ku ofisi ya manunuzi, bila senti moja. Mugodi utakubali zaidi ya vile watu wanafikiri, juu haiwagharimu kitu, na tangu 2017 wanahitaji kuonyesha kwamba wanatafuta na wanajua kampuni za hapa, kwa hiyo barua ya UNILU yenye kuomba mulango bila kuomba feza inawasaidia nao. Kila mwaka mu Juni watu wote wa manunuzi na wauzaji wanakutana hapa ku DRC Mining Week, ile njo siku ya kuwapa barua mukononi, apana kuituma ku adresi ya jumla yenye hakuna anayeifungua.

Na wewe patroni, mbele hata ya kutoa dola ya kwanza, toa maprofoma ya miaka mitatu iliyopita, yenye ilishinda na yenye ilishindwa, funika majina kama unaogopa, na uyapeleke ku fakilte. Wenzako watano wakifanya vile vile, asistanti atakuwa na kitu cha kuonyesha wale kumi na watano wengine wakati wa kuwaomba kuchanga. Kama hakuna hata mumoja kati yenu anakubali kufungua tiroire, basi musianze mufuko, mwachie huyo kijana aende kutafuta burse.